Naomba ushauri: nawaelezaje vijana jinsi bafa inavyotokea?

Habari zenu wakuu. Nawafundisha vijana wa kidato cha tano masomo ya jioni, na mada ya bafa, yaani mmumunyo ambao pH yake (kipimo cha uasidi) haibadiliki sana ukiongezewa asidi au besi kidogo, inatukwamisha.

Hesabu tunaziweza. Ukichukua 100 cm³ za asidi ya ethanoiki ya 0.1 M, ile iliyomo kwenye siki, ukamiminia 50 cm³ za hidroksidi ya sodiamu ya 0.1 M, nusu ya asidi inageuka chumvi na nusu inabaki. pH inakaa 4.76, sawa na pKa yake, yaani namba inayoonyesha nguvu ya asidi hiyo. Ongeza hapo 1 cm³ ya asidi ya hidrokloriki ya 1 M, inashuka hadi 4.58 tu. Maji matupu ya ujazo huo huo yangeporomoka hadi karibu 2.2. Hapo vijana macho yanawatoka!

Shida ni swali lao: tukianza na asidi ya hidrokloriki, nayo si inabaki nusu asidi, nusu chumvi? Mbona siyo bafa? Nawajibu kwamba kloridi haipokei protoni, wakati ethanoeti, ioni ya ile chumvi ya asidi ya ethanoiki, inazidaka. Wanakariri, ila naona kabisa haijawaingia.

Wenye uzoefu, mnaanzia wapi, kwenye msawazo (mmenyuko unaoenda mbele na kurudi nyuma kwa kasi sawa) au kwenye jaribio? Mita ya pH hatuna, tuna viashiria tu. Na upande wa besi, yaani amonia na kloridi ya amoniamu, ambako bafa inakaa karibu na 9.25, mnaufundisha papo hapo au mnausubirisha? Mtihani unakaribia, nawategemea sana.