Naomba ushauri: dawa gani ya mafua haigongani na dawa ya kila siku?

Mzee wa Nkuhungu
Mbukwenyi wakuu. Upepo na vumbi la Dodoma vimeniangusha. Pua imeziba, koo linawasha, mwili wote unauma. Nimepita duka la dawa nikapewa pakiti ya vidonge vya mafua, na vingine vimefungwa kwenye kikaratasi, asubuhi na jioni. Sasa kuna dawa yangu ya damu natumia kila siku. Haziwezi kugongana? Naomba majibu ya haraka, pakiti nimeshaifungua.

Chizi Zabibu
Tangawizi, limau, asali, kitunguu swaumu. Jifukize na mwarobaini ulale. Kesho uko soko la Sabasaba unabeba magunia.

Mama Wawili
Pole kaka. Mwezi wa sita na wa saba hapa Dom mafua hayana mjanja. Mimi wa kwangu nilimnunulia sweta jipya kabisa, akaliacha kwenye daladala siku hiyo hiyo. Nikimuuliza anasema alisikia joto. Joto, saa kumi na mbili asubuhi!

Mfamasia wa Zamu
Dawa ya damu ipi? Kuna ya presha, kuna ya kuongeza damu, kuna ya kuzuia damu kuganda. Taja jina lililoandikwa kwenye kopo. Na hivyo vya kwenye kikaratasi vinaitwaje?

Mzee wa Nkuhungu
Ya damu tu mkuu. Na sio ukimwi, kama ndiko mnakoelekea.

Chizi Zabibu
Nani kaelekea huko? Mimi nimesema tangawizi.

Mfamasia wa Zamu
Bila jina la dawa hapa tutapiga ramli tu.

Mzee wa Nkuhungu
Haya. Nina saratani ya damu, ile inayokwenda taratibu, CML. Natumia imatinib mg 400 baada ya kula, kliniki yangu iko Dar. Kwenye kikaratasi kaandika "Erythro". Ila sijakurupuka: imatinib nimeisimamisha kwanza mpaka mafua yaishe. Naona ndiyo busara, huwezi kurundika madawa matatu tumboni kwa mpigo.

Mfamasia wa Zamu
Hapo umeshika pabaya. Imatinib ndiyo inayoibana hiyo saratani, haisimamishwi bila daktari wako kujua. Mpigie leo akwambie unairudiaje, na usije ukameza dozi mbili kufidia.

Erythro ni erythromycin. Imatinib huvunjwavunjwa kwenye ini, na erythromycin inaizuia kazi hiyo, kwa hiyo imatinib inajaa mwilini na madhara yake yanaongezeka. Balungi nalo lina tabia hiyo hiyo, liache. Tena mafua yenyewe ni virusi, antibayotiki haiyagusi. Aliyekufungia alipaswa kukuuliza unatumia nini kabla ya kukata vidonge.

Pakiti ya mafua igeuze usome nyuma. Nyingi zina parasetamoli ndani, ukiongeza Panadol juu umeshameza mara mbili bila kujua, na ini ni lile lile. Kiasi chako atakwambia daktari. Ukikuta aspirini, ibuprofen au diklofenaki, weka pembeni, maana kama chembe za kugandisha damu zimeshuka unaweza kuvuja damu. Zile za kuzibua pua zenye pseudoephedrine zinapandisha presha. Matone ya maji ya chumvi puani hayana ugomvi na imatinib, wala asali ya Chizi.

Sasa nijibu moja. Una homa?

Mzee wa Nkuhungu
Homa ya kawaida.

Mfamasia wa Zamu
Ya kawaida ni ngapi?

Mzee wa Nkuhungu
Jana usiku kipima joto kilisoma 38.6. Nikapiga Panadol ikashuka, kwa hiyo hilo halina shida.

Mpima Chai
Wakuu mnakunywa chai na vitafunwa. Leukemia, hiyo saratani ya damu, ni ugonjwa wa watoto, na mtu mzima akiupata hachukui round. Huyu anaandika mistari imenyooka kabisa. Halafu juzi kwenye uzi mwingine alikuwa anatafuta kiwanja Iyumbu. Mgonjwa wa kansa anatafuta kiwanja?

Mzee wa Nkuhungu
Ndiyo, natafuta kiwanja. Kwani nimekwambia nakufa?

Dalali Iyumbu
Mkuu ninavyo viwili, vyote vimepimwa. Njoo inbox.

Binti wa Kondoa
Mpima Chai, ya watoto mara nyingi ni ile ya ghafla. Hizi za taratibu ni za watu wazima. Mama yangu anayo ya aina nyingine, CLL, na hajapewa kidonge hata kimoja, wanampima damu na kumwangalia tu. Pale kijijini walisema anajifanya mgonjwa ili achangiwe, eti mbona nywele hazijanyonyoka. Yeye akaenda kusuka twende kilioni akawapitia katikati. Ila mafua akiyapata nyumbani hatulali. Aliwahi kuyapuuza, yakaishia nimonia na kulazwa.

Mfamasia wa Zamu
Viwanja baadaye. Mwenye saratani ya damu akigusa 38 ni hospitali siku hiyo hiyo. Panadol imeshusha namba tu, kilichoileta hujui ni nini. Nenda Benjamin Mkapa, pale mapokezi anza na "nina CML, natumia imatinib", wakupime FBP, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu. Beba vidonge vyote ulivyo navyo.

Mzee wa Nkuhungu
Bajaji usiku huu mpaka kule ni hela, na nikifika watanilaza. Jumatatu nina treni ya kwenda kliniki, nilipanga niunganishe huko huko.

Mama Wawili
Kaka, Jumatatu ni mbali. Shemeji yako bado yuko mjini na gari, anaweza kupitia hapo. Nitumie namba inbox.

Mpima Chai
Unamtuma mumeo usiku kwa mtu usiyemjua? Haya.

Mzee wa Nkuhungu
Asante dada, nimekutumia. Kliniki nao wamepokea simu: Erythro nisiiguse, niende sasa hivi, imatinib wataelewana na daktari wa huku wakishaona majibu ya damu. Bado naona mngeniambia tu dawa ya mafua nilale.

Dalali Iyumbu
Mkuu hujanijibu inbox. Kimoja kina hati.