Mwamuzi amechomoa memori kadi ya roboti ya mtoto mbele ya ukumbi mzima, eti "roboti si ya kuandikia insha"!!!

MwalimuWaKlabu (mwenye uzi)

Nimetoka huko sasa hivi. Niko ndani ya matatu, Ngong Road, tumekwama, na nisipoyatoa haya hapa nitamlipukia makanga wa watu bure.

Mnamjua. Yeyote aliyewahi kupeleka watoto kwa mashindano ya roboti hapa Nairobi anamjua. Wa koti la kaki. Wa filimbi shingoni. Yule aliyesimamisha raundi nzima kwa sababu mtoto alifunga waya kwa raba ya kufungia sukuma wiki. Huyo huyo. Leo amechomoa memori kadi ya mwanafunzi wangu, roboti ikiwa imewaka, akaitia mfukoni mwa shati, kisha akamwambia mtoto: "Roboti si ya kuandikia insha."

Roboti si ya kuandikia insha! Anamwambia msichana wa gredi ya nane!

Kwa wasiojua: klabu yetu ina matofali mawili ya EV3, roboti za LEGO za kujiundia (tofali ndivyo watoto wanavyokiita kile kisanduku cha kijivu chenye akili ya roboti). Tuliyapata yakiwa yametumika. EV3 ilitoka 2013, ina tundu la memori kadi ubavuni, na tangu 2019 LEGO wenyewe walitoa MicroPython ya kuweka kwenye hiyo kadi, yaani Python, lugha ya programu inayoandikwa kwa maneno, iliyopunguzwa iingie kwenye vifaa vidogo. Unachomeka, unawasha, unaandika Python. Ukizima na kuitoa, tofali linarudi vile lilivyotoka dukani. Hakuna kinachoharibika. HAKUNA. Kitu pekee unachoweza kuharibu ni kadi yenyewe, ukiichomoa tofali likiwa linafanya kazi. Sasa nikumbusheni yule bwana alifanya nini.

Na kwa nini Python? Kwa sababu nina watoto 18 na kompyuta 3, na moja kati ya hizo huwaka ikipenda. Njia ya kawaida ni vibloku, vipande vya rangi unavyoviburuta kwenye skrini na kuviunganisha kuwa programu, na hivyo huwezi kuvifanyia kazi nyumbani kama nyumbani hakuna kompyuta. Python unaandika kwa penseli. Huyu msichana ameandika programu yake yote kwa daftari la hesabu, stima ikiwepo na ikipotea. Ninalo hapa mapajani. Roboti yake inafuata mstari mweusi kwenye sakafu nyeupe kwa sensa ya mwanga. Ukurasa wa kwanza, nambari ambazo sensa inasoma: nyeupe 84, nyeusi 8, katikati 46. Chini yake: "sensa ikisoma 60, tofauti ni 14, zidisha kwa 1.2, geuka kiasi hicho." Hapo kwenye 1.2 amefuta na kuandika tena hadi karatasi imetoboka, kwa maana kila Jumatano alikuja na nambari mpya. Akiweka 3, roboti inatikisika njia nzima. Akiweka 0.5, inapitiliza kona na kwenda zake ukutani. Wiki sita. Jana ikazunguka mstari wote mweusi bila kuyumba hata mara moja, na mzee wa kufagia akaweka ufagio chini akapiga makofi.

Programu ikaenda kwa kadi. Na kwa kuwa tundu la EV3 halina springi, kadi ikizama ndani unaitafuta kwa kucha, msichana akabandika kipande cha selotepu ili kiwe mkia. Juu ya selotepu ameandika herufi mbili za jina lake kwa biro ya buluu.

Huo mkia ndio yule bwana aliushika. Vidole viwili, kama mtu anayetoa kupe kwa ng'ombe. Kioo cha tofali kikaganda palepale. Kadi mfukoni, nyuma ya kalamu. "Roboti si ya kuandikia insha."

Nikamuuliza sheria hiyo iko wapi. Karatasi ya sheria ina kurasa nne, nimeisoma kuliko ninavyosoma Zaburi. Urefu wa roboti umo. Idadi ya mota imo. Hadi rangi ya soksi imo! Lugha ya programu hakuna mahali imetajwa. Akanijibu, "Imekuwa hivyo siku zote," akapuliza filimbi. Alinipulizia filimbi usoni, mimi, mtu mzima, mwenye watoto.

Msichana hakulia. Alisimama tu ameshika lile tofali kwa mikono miwili, akaniuliza polepole, "Mwalimu, atanirudishia?"

Hajarudisha. Ameenda nayo nyumbani. Saa hii ninavyoandika, kazi ya mtoto ya wiki sita iko mfukoni mwa shati la mtu, na kesho shati litafuliwa!

KijanaWaUmoja

Wa koti la kaki 😂😂 nimejua kabla sijamaliza sentensi. Hilo koti limewahi kufuliwa? Kama halijafuliwa basi hata shati usihofu, kadi iko salama.

FundiWaLuthuli

Pole sana mwalimu. Lakini kadi ya 16GB hapa Luthuli Avenue si kitu cha kukutoa machozi. Pita nikuuzie mbili. Usichukue kubwa kuliko 32GB, EV3 haiitambui.

MwalimuWaKlabu

Fundi, nani ameongea bei? Aliishika kwa ile selotepu! Mtoto ameandika jina lake hapo, na mtu anaivuta kwa jina lake!

KijanaWaUmoja

Swali la kizembe, mwalimu. Wiki sita za kazi, nakala ziko ngapi?

MwalimuWaKlabu

Nakala ipo. Iko kwa daftari.

KijanaWaUmoja

Nakala iko kwa daftari 😭😭 Daftari utalichomeka tundu gani?

NilikuwaMezani

Mimi nilikuwa meza ya pili, niliona. Maneno yale hayakufaa, hilo nakubali. Lakini tuongee ukweli. Kuna timu iliwahi kuja na programu iliyoandikwa na mjomba wa mtu, mtoto ukimuuliza mstari wa kwanza unafanya nini anaangalia dari. Waamuzi wengi hawasomi Python. Vibloku wanaviona kwa macho, rangi kwa rangi. Mzee aliogopa kitu asichoweza kukikagua.

MwalimuWaKlabu

Basi angeuliza! Angemuuliza 46 imetoka wapi. Angejibiwa kabla hajafunga mdomo: 84 jumlisha 8, gawa kwa mbili. Ana daftari lenye matundu! Mjomba gani anatoboa daftari kwa kufuta? Hakuuliza hata moja. Alivuta.

DadaWaBuru

Mkitulia mtaona si hapa tu. Kule Marekani, mashindano makubwa ya FIRST ya vijana wa sekondari, roboti kubwa zile, miaka mingi lugha rasmi zilikuwa Java, C++ na LabVIEW. Python ilikubaliwa rasmi msimu wa 2024, baada ya watu wa kujitolea kuitunza wenyewe miaka na miaka bila baraka za mtu. Kazi yenyewe si ndogo. Ukiongeza lugha moja, lazima mtu aandike maktaba (programu zilizokwisha kuandikwa za kuendesha vifaa) za mota na sensa zote kwa lugha hiyo, aandike maelezo, na awepo wa kujibu mtoto akikwama saa tatu usiku. Huyo wa kaki hana wa kujibu. Ana filimbi.

MwalimuWaKlabu

Dada, asante, lakini mimi sijamwomba aandike maktaba. Maktaba zipo, zilikuja na kadi. Nilimwomba asiguse.

ByteYaKawangware

Roboti ni C++. Python ni ya watu wavivu. Nimemaliza.

DadaWaBuru

@ByteYaKawangware kaandike C++ kwa penseli, stima ikiwa imepotea, ukiwa na miaka 13, halafu urudi hapa tuhesabu nukta mkato zako.

ByteYaKawangware

Nimeandika C++ kwa Arduino, kibao kidogo cha kuendeshea vifaa, yenye kumbukumbu ya kilobaiti 2 tu na ikatembea. Python ingetosha hapo? Haingeingia hata mlangoni.

FundiWaLuthuli

Kwani mnapigania EV3 bado? LEGO walitangaza 2022 kwamba wanafunga Mindstorms, familia ya roboti ambayo EV3 imo. Vipuri vyake navitafuta kwa tochi. Hamieni micro:bit, kibao kidogo cha kufundishia programu, inakula vibloku na Python, mtoto anachagua mwenyewe. Ninazo.

NilikuwaMezani

Fundi hii si gulio bwana.

MamaWaKaloleni

Mimi nimefungua uzi nikidhani mtaongea jambo la maana, yaani chakula. Watoto walifika ukumbini saa moja asubuhi. Saa nane wakapewa chapati nusu. NUSU. Na maharagwe unayoweza kuyaita kwa majina. Wangu amerudi nyumbani akala ugali wa watu watatu.

KijanaWaUmoja

Nusu? Timu yetu tuliambiwa chapati zimeisha.

MamaWaKaloleni

Hazikuisha. Nenda uulize meza ya waamuzi.

NilikuwaMezani

Naomba nisihusishwe.

SautiYaNne

Afadhali nyinyi. Sisi wa kwaya tulikatwa alama eti leso zetu zinang'aa zinamsumbua mwamuzi macho. Watoto wameimba sauti nne bila kosa, halafu leso! Tulizinunua Gikomba, tukazifua, tukazipiga pasi ya makaa. Nikamuuliza sheria iko wapi, akasema nikae chini.

MwalimuWaKlabu

@SautiYaNne hilo hilo! Hilo ndilo jibu lao! Imekuwa hivyo siku zote, kaa chini, filimbi. Wangu ameulizwa nini? Hakuulizwa kitu. Roboti si ya kuandikia insha! Nimeshuka matatu, natembea, na bado nayasikia masikioni.

SautiYaNne

Pole mwalimu. Na zile leso bado ninazo, kama kuna kwaya inahitaji za kijani.

ByteYaKawangware

Leso na roboti vinahusiana wapi?

MamaWaKaloleni

Na chapati mnazikwepa. Nani alizipokea pale mlangoni? Zilikuja na ndoo mbili za buluu.

KijanaWaUmoja

Moja. Ndoo ya pili ilikuwa na chai.

MamaWaKaloleni

Mbili za chapati. Ya chai ilikuwa nyekundu na ilivuja. Usinifundishe ndoo.

MwalimuWaKlabu

Jameni, kadi. Kuna mtu ana nambari ya kumfikia yule bwana leo usiku, kabla shati halijaingia majini? Mamake msichana amenipigia, sijui nimwambie nini. Kuna mtu?

KijanaWaUmoja

Kwa hivyo kama ndoo zilikuwa mbili, hizo ni chapati ngapi?

MamaWaKaloleni

Mia moja na arobaini. Nilisaidia kuzisukuma.

NilikuwaMezani

Mia na ishirini.