Mteja anataka kuiona nyumba ya kwenye picha zangu, Jumamosi hii. Nimjibuje?

Mwiko_Mdogo
Wakuu, hamjambo. Mimi ni fundi hapa Kampala: tailizi, dari la jipsamu, rangi, marekebisho ya nyumba. Sina duka wala bango. Kazi napata kwa picha tu, naweka stetasi ya WhatsApp na TikTok, watu wananipigia.

Sasa kuna mama yuko kyeyo, yaani kazi za nje, Uingereza. Aliona picha zangu za bafu na jiko la nyumba moja Kira, akazipenda, tukakubaliana nimfanyie nyumba yake ya Namugongo. Jana usiku kaniandikia kwamba mdogo wake wa kike atakuja Jumamosi, nimpeleke akaione ile nyumba. Mwenye nyumba hapendi wageni. Nimjibu nini nisimpoteze? Naomba ushauri, tusikashifiane.

Mama_Bombo
Mwanangu, mwenye nyumba ana haki. Fundi wa mageti alinipigia picha geti langu, na kufuli, na namba ya gari ya baba watoto, akatupia stetasi. Jirani ndiye aliyenionyesha. Nilimpigia nikamwambia, wewe unauza geti au unauza sisi? Tuacheni na nyumba zetu.

Nyundo_ya_Jinja
Stetasi inakaa saa 24 inapotea. Facebook ndiyo ilikuwa mahali pa picha za kazi, albamu inakaa miaka, lakini tangu serikali iifunge hapa Uganda Januari 2021 mpaka uwashe VPN, ile programu ya kukwepa kizuizi, na wateja wengi wa hapa hawana hiyo subira. Mimi nilipoteza wateja wa Iganga wote.

Mzee_wa_Busia
Ninyi mna raha. Mimi nilikuwa na albamu, zile za plastiki zenye maua juu, picha nimesafishia Mbale, naibeba kwapani nikienda kwa mteja. Siku moja mvua ilinikuta njia ya Tororo, picha zikagandana, nikabaki na geti moja na nusu ya choo. Kazi nilipata vilevile. Mteja alisema nusu ya choo iliyonyooka inamtosha.

Kalamu_Nyekundu
Tusimame kidogo. Mtu aliyekwisha kukubali, yuko Uingereza, kwa nini aamke usiku kumtuma mdogo wake? Kuna kitu kakiona. Fundi, sema.

Mwiko_Mdogo
Ni kawaida ya watu wa kyeyo. Wengi wameliwa na ndugu zao wenyewe, mtu anatuma pesa miaka mitano, akirudi anakuta msingi na mbuzi. Hawaamini mtu.

Kalamu_Nyekundu
Hujajibu.

Mwiko_Mdogo
Sawa. Ni kioo.

Kwenye picha ya bafu kuna kioo juu ya sinki, na aliyepiga picha anaonekana ndani yake. Mtu mnene, kipara, gambuti za njano. Mama aliniona kwenye simu ya video wiki iliyopita, mimi mwembamba na nina nywele. Kaikuza picha, kamzungushia yule mtu duara jekundu, kanirudishia: "Huyu nani?" Nikasema ni kibarua wangu.

Boda_wa_Ntinda
Kibarua ana kitambi, bosi ndiye mwembamba! Uganda ipi hiyo, nihamie?

Kalamu_Nyekundu
Na ni nani?

Mwiko_Mdogo
Bosi wangu wa zamani. Nilifanya kwake miaka mitatu. Kazi ile ya Najjera ilikuwa yake, picha alizituma kwenye grupu la kazi, nami nikazihifadhi. Lakini msinihukumu haraka. Tailizi za bafu lile nimeweka mimi, moja moja, kwa mikono hii. Jiko na dari ni wenzangu. Ningeonyesha nini, mwiko wangu?

Halafu pesa ya kuanzia nimeshapokea, milioni nne. Mchanga wa ziwa na simenti viko saiti tayari. Nimefikiria nimwambie mwenye nyumba amesafiri, halafu huyo dada nimpeleke nyumba nyingine Kyanja, zinafanana sana. Mlinzi wa pale nimeshaongea naye.

Mama_Bombo
Nimeshaongea naye! Kumbe ulikuja hapa tukubariki tu. Mwanangu, uongo wa kwanza ulikuwa wa kioo, wa pili kibarua, wa tatu mlinzi. Wa nne utamwambia hakimu.

Wakili_Mtarajiwa
Niseme ya sheria. Sheria ya Hakimiliki ya 2006 inalinda hata picha, na kutumiwa picha kwenye grupu hakukupi umiliki. Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, inayotaka ridhaa ya mtu kabla hujatumia taarifa zake. Yule wa kwenye kioo uso wake unaonekana. Lakini hayo si makubwa. Umepokea milioni nne kwa kumwonyesha mtu kazi ambayo robo tatu si yako. Hapo tunatoka kwenye picha, tunaingia kwenye utapeli.

Boda_wa_Ntinda
Au mpeleke Nasser Road, ule mtaa wa wapiga chapa, wakamtie nywele huyo bosi. Pale hata hati za shamba zinaota.

Tai_wa_Kololo
Jamani, mnalishwa matango pori. Huu uzi ni tangazo. Kwanza nyumba ilikuwa Kira, sasa Najjera. Halafu "moja moja, kwa mikono hii". Hadithi hiihii niliisoma mahali pengine, ikiwa na fundi makochi wa Mombasa. Kesho ataweka namba ya simu. Kama ni kweli, weka hiyo picha hapa tuione.

Nyundo_ya_Jinja
Nami nimeanza kuona. Kioo kimekaa vizuri mno.

Mwiko_Mdogo
Najjera iko ndani ya Kira, ssebo, uliza konda yeyote. Picha siweki, mmetoka kuniambia si yangu, na uso wa mtu umo ndani.

Mnataka ukweli? Nyuma ya mlango wa bafu lile, pembe ya chini kushoto, nilikata tailizi vibaya. Kikabaki kipande cha upana wa vidole viwili. Ilikuwa ya mwisho kwenye boksi na bosi alikuwa anahesabu. Nikakipachika pale kwa sababu mlango ukifunguka unakifunika. Grauti, ile ya kuziba nafasi kati ya tailizi, nilipaka kwa kidole, mwiko hauingii. Miaka miwili sasa, nikipita njia ile nakikumbuka. Nani anajitangaza na kipande hicho?

Mzee_wa_Busia
Huyo ni fundi. Mimi nina dirisha moja Malaba, sipiti barabara ile.

Mwanangu, sikiliza. Una kazi yoyote uliyoifanya peke yako, kwa jina lako?

Mwiko_Mdogo
Bafu moja Bweyogerere, nyumba ya kupanga, dogo kama kabati. Nilipiga picha usiku na taa ya manjano, kuna ndoo na ndala ndani. Haiwezi kumshawishi mtu wa Uingereza.

Mzee_wa_Busia
Mpeleke huko huko. Mpe sarafu ya mia tano agonge tailizi mwenyewe, zilizo tupu chini zinalia kama debe. Mwaga ndoo ya maji katikati ya sakafu, mtazame yanakwenda wapi. Yakiingia tunduni yote, kitambi cha mtu hakitaulizwa tena.

Nyundo_ya_Jinja
Na uirudie picha. Saa tatu asubuhi, mlango wazi, taa umezima. Pangusa kamera ya simu na fulana, hapo wengi tunafeli. Simama mlangoni, simu iwe usawa wa kifua, na kazi ijayo upige kabla na baada ukiwa umesimama palepale. Piga pia mabomba kabla hujayafukia kwa plasta. Watu wa nje hawaogopi rangi mbaya, wanaogopa kile kisichoonekana. Ruhusa ya mwenye nyumba iandike kwenye karatasi ya makubaliano, atie sahihi kabla ya kazi, ukimwomba baada atakuzungusha. Ndala ondoa.

Mama_Bombo
Na kwanza umwambie ukweli. Kabla ya Jumamosi, si mlangoni.

Mwiko_Mdogo
Akitaka pesa zake? Mchanga haurudishwi.

Wakili_Mtarajiwa
Mchanga uko kwenye kiwanja chake, fundi. Risiti unazo?

Mwiko_Mdogo
Ninazo. Za simenti. Ya mchanga dereva hakutoa.

Mwiko_Mdogo
Nimemtumia sauti, dakika nne. Nimemwambia kipara ni nani, nimemwambia bafu ni mimi na jiko si mimi, na habari za mlinzi wa Kyanja sikuzitaja maana mlinzi mwenyewe nimeshamwambia aachane nazo. Picha nimefuta. Kaisikiliza, tiki za buluu zimetokea. Kimya tangu saa moja.

Tai_wa_Kololo
Kule bado mchana, yuko kazini. Ngoja. Halafu hiyo grauti ya Bweyogerere, ni nyeupe au ya kijivu? Yangu imekuwa nyeusi yote na nilimlipa mtu vizuri.