Mdogo wangu aliacha kuripoti kwa afisa wa probesheni, sasa kuna hati ya kumkamata. Tufanyeje? (Kenya)

Dada_Mkubwa:
Habari zenu wanajukwaa. Naomba ushauri wa watu wanaojua mambo ya mahakama.

Mdogo wangu alishtakiwa kwa wizi mwaka jana. Alikiri, mali ikarudishwa kwa mwenyewe, na hakimu akampa kifungo cha nje, yaani probesheni, cha mwaka mmoja na nusu. Aliripoti vizuri tu mpaka alipopata kazi ya mjengo kaunti nyingine. Akaondoka bila kumwambia afisa wake, laini ya simu akabadilisha, miezi ikapita. Juzi chifu amemwita mama na kumwambia mahakama imetoa hati ya kumkamata kijana.

Hana kosa lingine jipya. Lakini ameingiwa na hofu kiasi kwamba anasema heri asikanyage nyumbani tena, na mama hapati usingizi. Je, hakimu atamfunga moja kwa moja? Atamfunga muda gani? Na ile miezi aliyoripoti vizuri itahesabiwa?

Kobe_Mtulivu:
Pole sana dada. Nijuavyo mimi, ukivunja probesheni unaingia ndani, hakuna mjadala. Akae huko huko mpaka mwaka na nusu uishe, baada ya hapo hawana kesi naye.

Wakili_Mashinani:
Kobe, kwa heshima, ushauri huo utamuumiza kijana wa watu. Hati ya kukamatwa haina tarehe ya kuisha. Inabaki na nguvu mpaka itekelezwe au mahakama iliyoitoa iifute. Anaweza kusimamishwa na polisi barabarani baada ya miaka mitatu, akiwa na mke na mtoto, akarudishwa kwenye faili hii hii.

Dada, mambo haya yako kwenye Sheria ya Probesheni, Sura ya 64. Amri ya probesheni haipungui miezi 6 wala haizidi miaka 3. Kabla ya kuitoa, hakimu hulazimika kumweleza mshtakiwa masharti kwa lugha anayoielewa, pamoja na kumwambia kwamba akiyavunja anaweza kuhukumiwa kwa kosa lile la kwanza. Naye lazima akubali mwenyewe.

Hapo ndipo wengi wanapochanganya. Mdogo wako hakupewa kifungo cha jela kikawekwa kando kikimngoja. Aliachiliwa chini ya uangalizi. Kwa hiyo hakuna mtu anayeweza kukutajia "miezi fulani" leo, kwa sababu hakimu hajaipanga. Kifungu cha 8 kinasema afisa anapeleka taarifa kwa kiapo, mahakama inatoa samansi (wito wa kufika mahakamani) au hati ya kukamata, na ikithibitika kwamba masharti yalivunjwa, hakimu ana njia mbili kubwa. Anaweza kumtoza faini na probesheni ikaendelea, au anaweza kumhukumu sasa kwa ule wizi. Akimhukumu, amri ya probesheni inakufa hapo hapo.

Angalia karatasi ya mashtaka. Kama ni wizi wa kawaida chini ya kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu, ukomo ni miaka 3. Kama aliiba kwa mwajiri wake, kifungu cha 281, ukomo ni miaka 7. Huo ni ukomo, si adhabu ya kila mtu. Na kama ni 275, hata akihukumiwa upya hakimu bado anaweza kumpa huduma kwa jamii badala ya jela, maana sheria ya mwaka 1998 inaruhusu hivyo kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka 3.

Miezi aliyoripoti haitapunguzwa kwenye adhabu kama siku za jela, kwa sababu hakuwa jela. Lakini ni hoja nzito ya kuomba huruma. Siku alizokaa rumande kabla ya hukumu ndizo ambazo hakimu lazima azizingatie, kifungu cha 333(2) cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai.

Mstaafu_Probesheni:
Mwanangu, nimefanya kazi hii maisha yangu yote ya utumishi. Niseme upande ambao haumo kwenye vitabu.

Afisa hakimbilii mahakamani siku ya kwanza. Hupiga simu, huenda nyumbani, huuliza kwa chifu. Akishafika kwa hakimu ujue amemkosa kabisa huyo kijana. Na hakimu akifungua faili, jambo analotafuta ni hili: alishindwa, au alidharau? Aliyekwenda kutafuta riziki akaogopa kusema ni mtu mmoja. Aliyeitwa mara kwa mara akajificha ni mwingine. Ripoti ya afisa ndiyo inayoeleza tofauti hiyo, kwa hiyo mlango wa kwanza ni afisa.

Aende na ushahidi kwamba alikuwa kazini: barua ya fundi mkuu au mkandarasi, rekodi za malipo kwenye simu, mtu wa huko anayemjua. Asidanganye kwamba alikuwa mgonjwa. Uongo wa aina hiyo nimeona ukifunga watu ambao ukweli ungewatoa.

Linaloniuma ni kwamba kazi haikuwa tatizo. Angeomba mapema, uangalizi wake ungehamishiwa kituo cha huko aliko. Bado anaweza kuomba hilo mbele ya hakimu, kama nafasi ya kuendelea itapatikana.

Mama_Shujaa:
Msimpe pesa mtu yeyote kwenye korido za mahakama anayesema ataipoteza faili. Jirani yangu alilipa, na kijana wake akakamatwa vile vile.

Dada_Mkubwa:
Asanteni sana, mmenitoa gizani. Mstaafu, shikamoo. Lakini akienda kwa afisa si atakamatwa pale pale ofisini? Na wakili hatuna uwezo wa kumlipa.

Wakili_Mashinani:
Anaweza kukamatwa, sikufichi. Lakini aliyejileta na aliyeletwa na pingu hawapokelewi sawa. Aende asubuhi na mapema, siku ya kazi, mapema katika wiki. Katiba inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na saa hizo zikiishia siku ambayo mahakama haikai, anangoja siku ya kikao inayofuata. Akikamatwa Ijumaa jioni, wikendi ni ya seli.

Mbele ya hakimu ataulizwa kama anakubali kuvunja masharti. Akikataa, afisa lazima alete ushahidi na yeye ana haki ya kumuuliza maswali. Kwa mnavyoeleza, naona ni bora akubali, kisha aeleze. Asirudi kubishana kuhusu wizi wenyewe, hilo lilishaamuliwa. Ulizeni huduma ya kitaifa ya msaada wa kisheria iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016. Na akihukumiwa vibaya, rufaa ni ndani ya siku 14, msizichezee.

Dada_Mkubwa:
Nimezungumza naye usiku huu. Amekubali kurudi, na mimi nitamsindikiza Jumatatu.

Mstaafu_Probesheni:
Marahaba mwanangu. Mpigieni afisa simu kabla hamjafika, ajue anakuja kwa hiari yake. Aje na namba yake mpya na jina la mahali anapolala huko kazini, kwa sababu hayo ndiyo atakayoulizwa kwanza.