Kumchora jirani aliye hai ukutani: nifuate jicho langu au matakwa yake?

Brashi Kavu:
Wakuu, nimepewa ukuta. Mita sita kwa tatu, na mwenye jengo ana sharti moja tu: nisichore mwanasiasa. Hata sikuwaza. Ninayemtaka ni fundi viatu anayekaa chini ya ukuta huohuo, miaka zaidi ya ishirini sasa, kainama, misumari mitatu mdomoni, na bado anakujibu salamu vizuri tu.

Mzee alikubali, akacheka sana. Juzi binti yake akanijia: "Ukutani wanachorwa waliokufa. Baba yangu yuko hai." Nikakosa jibu, maana sura nyingi ninazoziona kwenye kuta zina mwaka wa kuzaliwa na wa kufa chini yake. Halafu mzee naye kageuka, anataka avae koti na tai. Mimi nilichopenda ni aproni yake iliyoganda gundi. Nifanyeje?

Na hili dogo: ukuta unatoa unga mweupe kwa chini. Rangi itashika?

Mama Rangi:
Mdogo wangu, hilo unaloliita dogo ndilo litakalokuliza. Unga huo ni chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini, yanakauka usoni mwa ukuta, chumvi inabaki. Ukipaka juu yake, rangi itabanduka kama magamba. Usiuoshe kwa maji mengi, chumvi itayeyuka irudi ndani. Isugue kwa brashi ngumu ukuta ukiwa mkavu, kisha utafute maji yanatoka wapi. Ukishindwa kuyazuia, anzia picha juu ya pale unga unapoishia. Ukipiga lipu mpya, ipe wiki nne kabla hujagusa brashi.

Tena, nyekundu na njano nyingi za kung'aa hupauka upesi juani. Rangi za udongo huvumilia, kwa hiyo uso wake ujenge kwa hizo.

Habari ya koti sina neno, mimi ni mtu wa kuta.

Ngazi Tatu:
Mpe koti lake. Wewe utahamia ukuta mwingine, yeye atakaa chini ya huo kila siku.

Karatasi Chakavu:
Ngazi, si rahisi hivyo. Kila mtu akichorwa anavyotaka, tutabaki na kuta za picha za harusi.

Ila Brashi, kuna kisa cha John Ahearn, mchongaji wa New York. Alihamia South Bronx, akawa anawapaka majirani plasta usoni na mwilini kutengeneza kalibu, kisha anatoa sanamu zao za rangi. Nyingine zilitundikwa kwenye kuta za majengo, kama wale wasichana wanaoruka kamba pale Kelly Street. Watu walizipenda. Mwaka 1991 akasimamisha sanamu tatu za shaba za wakazi halisi mbele ya kituo cha polisi. Mmoja ana mbwa, mwingine redio kubwa ya kaseti na mpira. Wapo wakazi waliosema zinawaonyesha vibaya. Siku chache tu, akaziondoa mwenyewe.

Mtu yuleyule, mtaa uleule. Mimi naona tofauti ni kwamba ukutani jirani anamtazama jirani, lakini mbele ya polisi mtu mmoja anageuzwa mfano wa wote. Kwa hiyo kabla ya kubishana koti au aproni, muulize mzee anadhani nani atamtazama pale.

Brashi Kavu:
Nimetoka kwake sasa hivi. Nilikwenda na karatasi na mkaa, nikamchora na koti huku nikimuuliza. Akasema, "Wote wanaonijua wananijua nimeinama. Hakuna anayeujua urefu wangu."

Nikakaa kimya kidogo. Basi atasimama, koti na tai, ila misumari mitatu inabaki mdomoni. Hilo tumekubaliana. Binti naye kalegea alipoiona misumari: maiti haumi misumari, kasema. Masharti yake ni kwamba hataki mawingu, hataki mwanga kichwani, wala mwaka wowote.

Sasa nimepima. Nikimsimamisha mzee kwa urefu anaoutaka, viatu vinaangukia palepale penye chumvi. Fundi viatu bila viatu! Mama Rangi, rudi hapa.