UZI: Huyu wakala wa "Harar ya kutwa, fisi wamo" akomeshwe!

Simtaji, mnamjua. Anauza safari ya Harar, ule mji wa kale wenye ukuta huko Ethiopia, ya kutwa kutoka mji wa Dire Dawa, na kwenye tangazo kabandika fisi mkubwa kuliko ng'ombe wa maziwa: "Kulisha fisi kumo kwenye bei." Gari linageuza saa 11 jioni. Fisi wanalishwa giza likishaingia, saa 1 usiku na kuendelea, nje ya ukuta. Muulize, anakujibu mkavu: "Saa za Ethiopia ni tofauti."

Saa za Ethiopia ni tofauti! Anamwambia nani? MSWAHILI! Watu wanaoanza kuhesabu saa jua likichomoza ni sisi na hao hao Waethiopia, halafu tunapigwa kwa saa. Saa 1 ya Harar ni saa 1 ya Tanga, hata dakika haipungui.

Na hiyo kutwa yenyewe uchafu. Njia ni kilomita 50 hivi, kona na mlima, hadi Harar iliyo mita 1,885 juu ya usawa wa bahari. Yeye anang'oa nanga saa 4 asubuhi, wakati waliopanda minibasi ya stendi alfajiri wameshakunywa kahawa ya pili. Anawamwaga watu Feres Magala, uwanja wa katikati ya mji. Ndani ya ukuta kuna vichochoro zaidi ya 300. Anawapitisha kichochoro cha Makina Girgir kwa mafundi cherehani, wanachungulia nyumba ya Rimbaud, yule mshairi Mfaransa, basi. Geti la Fallana, upande wanakolishiwa fisi, analionyesha kwa kidole: "Kule." Halafu ndiyo saa za Ethiopia ni tofauti. Yarabi!

Kona_Kali: Mkuu, ulitaka fisi wa saa 9 alasiri? 😂 Lala Harar. Kuna nyumba za Kiharari ndani ya ukuta zinapokea wageni. Jioni chukua bajaji hadi Fallana, patana kwenda NA kurudi, na ikusubiri. Asubuhi minibasi za Dire Dawa zinajaa haraka.

MamaSambusa: Mnalia fisi, mimi nalia na hiyo "nyumba ya Rimbaud". Jumba la mfanyabiashara Mhindi lile! Kwamba Rimbaud aliishi humo ni maneno ya waongozaji. Ingieni kwa ajili ya picha za zamani za mji.

Mwewe_Sitaki: Wote hamjaibiwa. Nendeni soko la nyama, Gidir Magala. Mwewe anashuka kwa nyuma, humsikii, nyama imeondoka. Ya ngamia ifungeni ndani ya mfuko, mfuko kifuani. Ukiibeba wazi ujue umempakulia.

Kona_Kali: Afadhali mwewe. Kima wa magofu ya Gedi kule Kenya wanafungua zipu.

Mwanzisha uzi: Jamani mada! SAA ZA ETHIOPIA NI...

MamaSambusa: Gedi si tumbili wale?

Kona_Kali: Tumbili uso mweusi. Wale wana kola nyeupe shingoni, ni kima.

Mwewe_Sitaki: Kima hafungui zipu bwana, anachana begi.