Nafanya kazi kituo cha watoto hapa Moshi, nisome nini nisije nikaharibu?

binti_wa_njoro
Habari zenu wapendwa. Nina miaka 24, nilisoma mambo ya uhasibu ngazi ya cheti ila kazi ikagoma, mwaka jana nikapata nafasi ya kujitolea kituo cha kulelea watoto hapa Moshi, posho ndogo na chakula. Kazi naipenda sana ila sina elimu yake kabisa, najifunza kwa kuangalia wenzangu. Sasa majuzi katoto ka kiume ka miaka kumi kamekaa na mimi nje tunachambua maharage, kanavuta vuta uzi wa sweta lake mpaka mkono umefumuka wote, kakaniambia nikuambie kitu ila uape husemi. Nikaapa. Kumbe akienda likizo kwa baba mdogo anapigwa na waya. Nilishindwa kulala, asubuhi nikamwambia matroni, matroni akamwita yule mtoto pale pale mbele yangu amuulize. Tangu siku hiyo haongei na mimi, hata salamu anajibu anaangalia chini. Na matroni amesema yaishe humu humu, likizo inakuja. Nataka kwenda shule nisomee hii kazi vizuri, wapi na kozi gani? Na huyu mtoto nafanyaje??

mama_wawili
Pole mdogo wangu. Shule baadae, tuanze na mtoto. Hukukosea kusema, ulikosea kuapa, na wote tumeshawahi, mi mwenyewe nilifanya hivyo hivyo mwaka wangu wa kwanza. Mtoto akisema usimwambie mtu unamjibu siwezi kukuahidi hilo kwa sababu kama kuna mtu anakuumiza lazima nitafute wa kunisaidia, ila kabla sijamwambia yeyote we ndo utakuwa wa kwanza kujua namwambia nani. Wengine watanyamaza hapo, sawa, atarudi siku nyingine. Na akishaanza kusema usimhoji kama polisi, sijui ilikuwa saa ngapi, ulimfanyia nini kwanza. Hilo la ulimfanyia nini ndo baya kuliko yote maana anajua tayari umeshaamua kosa ni lake. Sikiliza, halafu ukitoka hapo andika maneno yake kama alivyoyasema yeye, hata kama kachanganya kichaga, na tarehe. Usiyanyooshe. Mwambie ukweli kwamba umekosea kuapa, watoto wanasamehe ila wanataka kusikia.

Kifungilo88
Hapo kwenye "yaishe humu humu" ndo pananiuma. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa anatakiwa kuripoti serikali ya mtaa husika, haijasema uombe ruhusa kwa matroni. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri, au dawati la jinsia na watoto polisi, ukiogopa kuonekana piga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Ripoti kabla hawajafunga shule, maana akishapanda gari kwenda kwa huyo baba mdogo mtakuwa mnaongea mengine. Na tafadhali usiende kumkabili huyo mzee mwenyewe, atakana na mtoto ndo atalipia.

wa_tengeru
Kuhusu shule: watu wanachanganya ustawi wa jamii na maendeleo ya jamii, ni vitu viwili. Taasisi ya Maendeleo ya Jamii iko hapa Tengeru Arusha, karibu na wewe, lakini hiyo ni zaidi ya kufanya kazi na jamii nzima, vikundi, miradi. Kama unataka kesi za watoto na familia basi ni ustawi wa jamii, Taasisi ya Ustawi wa Jamii iko Kijitonyama Dar, na vyuo vingine vinatoa pia, angalia tu chuo kimesajiliwa NACTVET, lile baraza la serikali linalosimamia vyuo, kabla hujalipa hata shilingi.
Ila dada kuna kitu chuo hakikufundishi. Mimi nilitoka na stashahada yangu nikaenda kutembelea familia ya kwanza Pasua, nimeshika fomu ya kurasa nne na peni. Mama kila nachouliza anajibu ndio, wanakula mara tatu ndio, baba yupo ndio. Baba hayupo miaka miwili! Mara ya pili nimemkuta anamenya ndizi za mtori, nikakaa kwenye kigoda nikachukua kisu na mimi, mikono ikajaa utomvu mweusi akanicheka sana, kabla sufuria haijajaa nilikuwa najua kila kitu. Fomu nikaja kujaza nyumbani.

mzee_wa_hiace
Mnaongea vizuri ila mtu wa kujitolea na posho ya nauli mnambebesha kazi ya serikali. Wamlipe kwanza.

mama_wawili
@mzee_wa_hiace kweli kabisa wamlipe, ila mtoto hasubiri mshahara.

binti_wa_njoro
Asanteni jamani. Nimeenda ustawi leo, afisa kaandika kila kitu, kasema atakuja kituoni wiki hii na likizo isianze kabla hajaonana na mtoto. Matroni bado hajui ni mimi, natetemeka. Jioni nikamwambia yule mtoto samahani nilikuapia kitu ambacho sikuwa na uwezo nacho, na kuna dada atakuja kuongea na wewe, sijasema kwa wenzako. Hakujibu kitu, kaniuliza leo tunakula makande tena. Nikamwambia ndio. Akasema aah.
@wa_tengeru naomba nije PM nikuulize ada na kama wanapokea mtu mwenye cheti cha kitu kingine.